Sharti Lililolinda Ekari 155 za Park Hill

Kaskazini mashariki ya katikati ya jiji la Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, ipo ardhi ya ekari 155 ambayo tangu miaka ya 1930 hadi mwisho wa mwaka 2018 ilikuwa uwanja wa mchezo wa gofu, na ambayo sasa ni bustani ya umma. Na kati ya hali ile ya kwanza na hii ya pili pamepita wasia wa tajiri mmoja, hati ya serikali, kura za raia, na subira ya watu wa mtaa ambao walikataa katakata kusadiki kwamba neno lililokwisha kuandikwa na kulipiwa laweza kufutwa kwa sababu tu limepata mnunuzi. Nimeona habari hii inafaa kusimuliwa kwa Kiswahili, na kwa utulivu, kwa kuwa jambo lililoshindaniwa huko, yaani nguvu ya sharti juu ya ardhi, si geni kwetu hata kidogo.

Denver ni mji uliojengwa mahali pakavu. Uko juu ya uwanda wa nyasi, mita 1,609 kutoka usawa wa bahari, na upande wake wa magharibi imesimama milima ya Rocky, ambayo vilele vyake huonekana na theluji miezi mingi ya mwaka. Wastani wa mvua haufiki milimita 400 kwa mwaka, yaani haufiki nusu ya mvua inyeshayo Mombasa au Dar es Salaam. Kwa asili uwanda ule haukuwa na miti ila kandokando ya mito na vijito. Kwa hiyo kivuli kinachomkinga mpita njia katika mitaa ya Denver aghalabu ni cha mti uliopandwa kwa mkono wa mtu na kunyweshwa maji na mtu, na siku mtu huyo akifunga bomba, mti nao huanza kufa. Namwomba msomaji alishike jambo hili tangu mwanzo, kwani bila ya kulifahamu hataona kwa nini watu walikesha na kuhangaika miaka mingi kwa ajili ya majani na miti ya uwanja ambao wengi wao hawakupata kuchezea gofu hata siku moja.

Asili ya ardhi hiyo ni mirathi ya George W. Clayton, mfanyabiashara aliyejipatia utajiri Denver katika siku za mwanzo za mji, akafariki mwaka 1899 bila ya kuacha mtoto wa kumrithi. Katika wasia wake aliagiza kwamba sehemu kubwa ya mali yake iwekwe chini ya wadhamini na itumike kujenga na kuendesha shule ya kuwalea watoto yatima wa kiume. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1911, na majengo yake ya mawe yangali yamesimama hata leo kando ya barabara kuu iitwayo Colorado Boulevard. Kaskazini ya shule palikuwa na mashamba ya amana hiyo hiyo, na humo ndimo ulimokuja kutengenezwa uwanja wa gofu wa mashimo 18, ambao kodi yake ilikuwa ikiingia katika mfuko wa watoto.

Msomaji wa pwani hana haja ya kufafanuliwa sana mpango wa namna hii. Amezaliwa akaukuta. Anazijua nyumba za wakfu ambazo kodi yake hutengeneza paa la msikiti au hulisha masikini. Anayajua mashamba yaliyowekwa na marhumu fulani ili mazao yake yasomeshe watoto wa ukoo. Tena anajua kwamba kiini cha wakfu ni kuizuia mali isiuzwe wala isirithiwe, ili manufaa yake yaendelee kuwafikia wale waliokusudiwa na mwenye kuweka. Sheria ya Colorado si sheria ya Kiislamu, wala wasia wa Clayton haukuwa wakfu kwa maana ya fiqhi, kwa kuwa wadhamini wake waliweza kuuza. Lakini nia iliyomsukuma mtu yule ni nia ambayo sisi tunaitambua mara moja.

Walakini insafu yataka niseme pia kwamba wema wa Clayton ulikuwa na ukuta. Yatima aliowataja walikuwa yatima weupe. Mtoto mweusi aliyefiwa na baba na mama hakuwa na nafasi katika shule ile, na hali hiyo haikuwa ya shule peke yake bali ilikuwa ya mji mzima. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita watu weusi wa Denver walibanwa katika mitaa michache, hususan ule uitwao Five Points, na walipoanza kupanuka kuelekea mashariki walikuta kwamba Colorado Boulevard imekuwa mpaka usioandikwa, ambao madalali wa nyumba na mabenki waliulinda kwa uaminifu mkubwa kuliko inavyolindwa mipaka mingine iliyoandikwa. Upande wa mashariki wa barabara hiyo ndio Park Hill.

Habari ya Park Hill yastahili kitabu kizima, nami naigusa tu. Familia za weusi zilipouvuka mpaka ule mwishoni mwa miaka ya 1950, madalali walipita nyumba kwa nyumba wakiwatia hofu wazungu wauze upesi na kwa bei ya chini. Nao baadhi ya wakazi, weusi kwa weupe, wakiongozwa na makanisa ya mtaa, wakaunda kamati ya kupinga hofu hiyo na kuwashawishi majirani wabaki. Ni katika kanisa moja la Park Hill, Montview, ambako Martin Luther King alihutubia mwaka 1964. Na ni kutoka mtaa huu ambako wazazi walifungua ile kesi ya kupinga ubaguzi katika shule za Denver iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1973, kesi ijulikanayo kwa jina la Keyes, ambayo ilikuwa ya kwanza kuthibitisha kwamba ubaguzi wa shule haukuwa ugonjwa wa majimbo ya kusini peke yake. Watu wa namna hii, waliokwisha kuzoea kukutana kanisani jioni, kugawana kazi, kuandika, kutia saini na kusimama mbele ya hakimu, ndio waliokuja kukabiliwa na suala la uwanja wa gofu. Na mimi naamini kwamba wasingekuwa wao, leo pale pangekuwa na maghorofa.

Juu ya gofu yenyewe sina mengi ya kusema. Uwanja wa Park Hill haukuwa wa kilabu cha wateule. Aliyelipa ada aliingia akacheza. Lililo muhimu ni lile lililotendeka mwaka 1997, wakati meya wa jiji alipokuwa Wellington Webb, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho Denver, ambaye alikuwa amechaguliwa mwaka 1991 baada ya kuutembea mji mzima kwa miguu akiomba kura. Katika mwaka huo wa 1997 jiji lililipa dola milioni 2 kwa amana ya Clayton, na badala ya fedha hiyo likapata, si ardhi, bali sharti: kwamba ekari zile zitabaki kuwa uwanja wa wazi, wa gofu na michezo, na hazitajengwa nyumba wala maduka.

Hapa ndipo penye fundo la habari yote, nami nitalifungua kwa mfano wa nyumbani. Kwetu pwani mtu aweza kuwa mwenye minazi, na ardhi iliyoota minazi hiyo ikawa ya mtu mwingine. Kila mmoja ana haki yake, na mwenye ardhi akiuza, mnunuzi hupokea ardhi pamoja na minazi ya mwenziwe iliyosimama juu yake, wala hawezi kuikata akadai kwamba yeye hakuipanda. Ndivyo lilivyo sharti la hifadhi katika sheria za Marekani. Amana ya Clayton ilibaki na ardhi, ikaweza kuikodisha na hata kuiuza. Lakini haki ya kujenga juu yake iliondoka mikononi mwa amana na haikumfuata mnunuzi yeyote, kwa kuwa jiji lilikuwa limekwisha kuinunua kwa fedha ya walipa kodi. Sharti hilo halikuandikwa kwa miaka kumi wala ishirini. Liliandikwa liwe la kudumu.

Miaka ishirini na moja ikapita. Kisha jiji likahitaji ekari zipatazo 25 za uwanja huo kwa ajili ya mradi wa kuzuia mafuriko, maana mvua za dhoruba zikinyesha kaskazini mashariki ya Denver maji hutelemka kuelekea mto South Platte na kuingia majumbani. Shughuli ya gofu ikasimama mwishoni mwa mwaka 2018, na haikurudi tena. Mwaka uliofuata, 2019, amana ya Clayton iliuza ardhi yote kwa kampuni ya ujenzi iitwayo Westside Investment Partners, kwa bei ya dola milioni 24, na kampuni ilinunua huku ikijua kuwa hati ina sharti.

Uwanja wa gofu uliofungwa katika nchi kavu ni kitu cha kuhuzunisha kukitazama. Majani mafupi ya kizungu yaliyokuwa yakinyweshwa kila usiku hugeuka rangi ya bua katika kiangazi cha kwanza. Katika cha pili magugu huingia. Vijia vya lami walivyokuwa wakipita wachezaji na vigari vyao hupasuka, na katika kila ufa huota jani. Mti mkubwa haufi mara moja. Huanza kwa kukauka matawi ya juu kabisa, yale yaliyo mbali na mizizi, hata mtu aliye chini huona majani mabichi kiunoni mwa mti na vijiti vitupu kichwani, na akijua miti hutambua kwamba umebaki na miaka michache. Watu wa Park Hill waliyaona hayo kupitia uzio wa waya, kwa kuwa uwanja ulikuwa umezungushiwa na malango yamefungwa. Nao walilalamika kwamba miti ya mtaa wao inaachwa ife, ilhali katika mitaa ile ya kaskazini mashariki, iliyo karibu na barabara kuu ya I-70 na viwanda vyake, ambako kwa miongo mingi watu wamevuta moshi wa malori na baadhi ya jirani zao wamelima bustani katika udongo ulioingia risasi na aseniki ya viwanda vya kuyeyushia madini, kivuli ni dawa.

Hapo ndipo harakati zilipoanza kwa dhati. Chama cha wananchi kilichojiita Save Open Space Denver kilikusanya watu wa mtaa na wa mitaa mingine, na miongoni mwa sauti zilizosikika sana ni ya Penfield Tate, mwanasheria aliyewahi kuwa mjumbe wa bunge la jimbo, na ya Wellington Webb mwenyewe, ambaye sasa alikuwa mzee aliyekwisha kustaafu umeya tangu mwaka 2003. Hoja ya Webb ilikuwa nyepesi kuifahamu, na uzito wake ulitokana na huo wepesi: fedha ya umma ilikwisha kulipwa, ahadi ilikwisha kuandikwa, basi ardhi ibaki wazi, na kama gofu imekwisha, iwe bustani.

Kazi ya harakati kama hizo haina fahari. Ni kusimama mbele ya duka la vyakula Jumamosi asubuhi na ubao wa kuandikia, kumsalimu kila apitaye, kumweleza kwa dakika mbili jambo linalotaka saa nzima, kumwomba atie saini, na kuhakikisha kwamba anwani aliyoandika inalingana na ile iliyomo katika daftari la wapiga kura, maana saini isiyolingana huhesabiwa kuwa si kitu. Sheria ya Denver huwaruhusu wananchi, wakipata saini za kutosha, kulifikisha pendekezo lao moja kwa moja mbele ya wapiga kura bila ya kusubiri hisani ya madiwani. Watu wa Park Hill walizipata saini, na mnamo Novemba 2021 wananchi wa jiji zima wakaulizwa maswali mawili. La kwanza, lenye nambari 301, lilitaka ujenzi wowote wa biashara au makazi katika bustani za jiji, au katika ardhi iliyofungwa kwa sharti la hifadhi ambalo jiji linalimiliki, usiruhusiwe bila ya kura ya raia. Hilo lilipita kwa zaidi ya asilimia 60. La pili, lenye nambari 302, liliungwa mkono na upande wa kampuni, na lilikuwa na maana ya kuitoa ardhi ya Park Hill nje ya ulinzi huo; hilo lilikataliwa.

Kura hiyo haikuigeuza ardhi kuwa bustani. Ilichofanya ni kuutoa ufunguo katika mkono wa madiwani na kuutia katika mkono wa raia.

Nisingekuwa mkweli kama ningewaonyesha waliotaka kujenga kuwa ni watu wa tamaa tupu. Denver katika miaka ile ilikuwa imejaa watu, na kodi za nyumba zilipanda hata mwalimu na muuguzi wakashindwa kukaa katika mji wanaoutumikia. Mpango wa kampuni ulikuwa kujenga nyumba zaidi ya 2,500, robo yake zikiwa za watu wa kipato cha chini na cha kati, pamoja na duka la vyakula, jambo ambalo si dogo katika upande ule wa mji ambako kupata mboga mbichi karibu na nyumbani ni taabu. Na ekari zipatazo 100 zingeachwa kuwa bustani na nafasi ya wazi. Kituo cha reli iendayo uwanja wa ndege, kilichofunguliwa mwaka 2016, kiko hatua chache tu kutoka pale, na wataalamu wa miji husema, wala hawakosei, kwamba nyumba nyingi zapaswa kujengwa karibu na vituo vya reli. Meya wa wakati huo, Michael Hancock, ambaye naye ni mtu mweusi, wa pili kuchaguliwa kuwa meya wa Denver baada ya Webb, aliuunga mkono mpango huo. Basi ikhtilafu hii haikuwa ya weusi na weupe, wala ya masikini na matajiri. Iliingia ndani ya nyumba moja, mama akawa na rai yake na binti yake, anayetafuta chumba cha kupanga, akawa na yake. Mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba mwezi huu akiuliza bustani itamfaa nini, hatendewi haki kwa kujibiwa kwa hotuba juu ya ndege na vipepeo.

Mimi, hata hivyo, nimezipima hoja zote mbili, na nasimama na wale waliosema hapana. Sababu yangu si kwamba miti ni bora kuliko watu. Sababu yangu ni kwamba nyumba zaweza kujengwa mahali pengi, na jiji lenye maegesho ya magari mapana na viwanja vya viwanda vilivyokufa halijakosa pa kujenga. Lakini ekari 155 za wazi, kwa pamoja, ndani ya mji uliokwisha kujengwa, zikishavunjwa hazirudi, wala hakuna fedha iwezayo kuzinunua tena. Tena iko sababu nyingine iliyo nzito zaidi kwangu. Ardhi ile ilikuwa na thamani ya dola milioni 24 ikiwa imefungwa. Ikifunguliwa, thamani yake ingepanda mara nyingi, na kile kilichoongezeka kingekuwa ni haki ya umma iliyolipiwa mwaka 1997 na kisha kugeuzwa faida ya mnunuzi. Nyumba za bei nafuu zilizoahidiwa zingekuwa ahadi mpya iliyojengwa juu ya kaburi la ahadi ya zamani. Na mtu aliyeona ile ya kwanza ikivunjwa angeisadiki vipi ya pili?

Januari 2023 baraza la madiwani liliidhinisha mpango wa ujenzi, na kwa kuwa ile sheria ya 2021 ilikuwa imekwisha kufunga njia nyingine zote, likalazimika kuwarudia raia. Katika Colorado kura aghalabu haipigwi kwa foleni; karatasi huletwa kwa posta hadi mlangoni mwa kila mpiga kura, naye huijaza nyumbani kwake, kwa wakati wake, kisha huirudisha kwa posta au huitumbukiza katika sanduku la chuma lililowekwa mtaani. Kwa hiyo swali lile, lililopewa jina la 2O, lilisomwa mezani, baina ya vikombe vya kahawa na vitabu vya shule vya watoto, na watu wenye muda wa kulirudia mara ya pili. Lilikuwa swali la sentensi ndefu ya kisheria, lakini kiini chake kilikuwa kimoja: je, raia wanakubali jiji liliachilie sharti la hifadhi juu ya ardhi ya Park Hill ili pajengwe? Upande wa kujenga ulitumia fedha nyingi kuliko upande wa kupinga, na matangazo yake yalionyesha miti na watoto, hata mtu asiyesoma kwa makini angeweza kudhani kwamba kupiga kura ya ndiyo ni kupigia bustani.

Tarehe 4 Aprili 2023 kura zilihesabiwa. Takriban asilimia 59 walisema hapana.

Baada ya ushindi kulifuata kimya, na kimya kile kilikuwa mtihani wa namna yake. Kampuni ilikuwa na ardhi isiyoweza kuijengea. Jiji lilikuwa na sharti juu ya ardhi isiyokuwa yake. Na watu wa mtaa walikuwa na ushindi uliokuwa nyuma ya uzio. Gofu haikurudi. Miti iliendelea kukauka. Palikuwa na watu waliowaambia wakazi, kwa maneno ya kebehi, tazameni sasa bustani yenu. Nao walijua kwamba kura ile haimlazimishi mwenye ardhi kupanda hata ua moja. Inamzuia tu asijenge. Kukataa ni nusu ya kazi, na nusu ya pili, ambayo ni kupata, yahitaji mtu wa upande wa pili akubali kuketi na kuzungumza.

Mazungumzo hayo yalifanyika chini ya meya mpya, Mike Johnston, aliyeshika ofisi Julai 2023. Mnamo Januari 2025 alitangaza kwamba jiji na kampuni ya Westside wamekubaliana kubadilishana: jiji litapokea ekari zote 155 za Park Hill, na kampuni itapewa ekari zipatazo 145 za ardhi ya jiji iliyoko karibu na uwanja mkubwa wa ndege, katika wilaya ya Adams, mahali panapofaa maghala na viwanda. Naona kuwa katika muamala huo mna mkono wa historia. Hadi mwaka 1995 uwanja wa ndege wa Denver, ulioitwa Stapleton, ulikuwa ubavuni mwa Park Hill hasa, na ndege zilikuwa zikipita juu ya mapaa ya mtaa huo mchana na usiku. Ulipohamishiwa mbali kwenye uwanda, mtaa ukapata utulivu, na ardhi ya Stapleton ikajengwa maelfu ya nyumba. Sasa ardhi ya pembezoni mwa uwanja ule mpya ndiyo iliyotumika kuikomboa Park Hill.

Wale waliopigana tangu 2019 hawakuyapokea mapatano hayo kama zawadi. Waliyapokea kama mtu anavyopokea deni lake. Lau wangelegea mwaka 2021, au wangechoka mwaka 2023, kampuni isingekuwa na sababu ya kubadilishana chochote na mtu yeyote. Ni kufungwa kwa ardhi ile kulikoifanya ekari ya mbali, iliyo wazi kujengwa, kuwa na thamani kwake kuliko ekari ya mjini isiyojengeka. Sharti lililolipiwa dola milioni 2, lililokaa katika jalada miaka zaidi ya ishirini bila ya kutazamwa na watu wengi, ndilo lililofanya kazi hiyo yote, na lilifanya kwa kuwa walikuwako watu wa kulisoma kwa sauti kila lilipotaka kusahauliwa.

Kabla mwaka huo wa 2025 haujaisha, ardhi iliingia katika milki ya jiji, na malango yakafunguliwa kwa watu. Bustani yenyewe ni changa mno. Miti iliyokauka yataka kuondolewa na mingine kupandwa, na bado kuna kazi ya kupanga wapi patakuwa pa watoto, wapi pa mpira, na wapi pataachwa majani ya asili ya uwanda yasiyodai maji mengi. Lakini mkazi wa Park Hill sasa anaingia kwa miguu yake bila ya kuomba ruhusa, anatembea katika vijia vile vile vya lami vilivyopasuka, na akifika mahali palipoinuka anaiona milima upande wa magharibi, yote, bila ya ukuta kati yake nayo.

Nina ombi moja kwa msomaji. Katika mtaa wako, au karibu nao, iko ardhi ya wazi ambayo kila mtu husema ni ya wote: uwanja wa mpira, mahali pa swala ya Idi, kiwanja cha shule, makaburi ya zamani, bustani iliyoachwa na serikali iliyopita. Nenda katika ofisi ya ardhi ukaulize hati yake iko wapi, jina la nani limeandikwa juu yake, na kama ina sharti. Ukiambiwa hati haipo, rudi na jirani zako. Ulizeni sasa, wakati watoto wangali wanacheza pale jioni, kabla hajaja mtu na mabati ya kuizungushia.